Nyumba ya Kumi na Moja

Picha ile ina nyumba kumi na moja. Kijiji chenyewe kilikuwa na nyumba kumi. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo iliyoua watu tisa. Siku hizi picha imetundikwa kwenye jumba la makumbusho, nyuma ya kioo, na binti mmoja mwenye sauti nzuri huwaeleza wageni kwamba msanii alikusudia kuonyesha utulivu wa maisha ya kijijini. Nimekwenda kumsikiliza mara mbili. Anasema nyumba zile zimepandana juu ya kilima kama ngazi ya kwenda mbinguni, na kwamba ile iliyojitenga juu kabisa, karibu na mwamba, ni upweke wa msanii mwenyewe. Simlaumu. Anaeleza alivyofundishwa, na anaeleza vizuri. Mimi nami niliwahi kuieleza picha hiyo mbele ya watu, nikaieleza kwa ufasaha kumshinda.

Wakati huo nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mjini, chini ya kilima hicho. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na tajiri, aliyekuwa na kiwanda na kikohozi. Kulikuwa na fundi wa mashine, jitu la miraba minne tuliloliita Kifaru. Nilikuwapo mimi, na alikuwapo mchonga vibao, ambaye alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye tulimwita Patasi. Alichonga kwenye mbao picha za kupamba vibandiko vya sabuni, vyeti vya shule na matangazo ya harusi, na herufi kubwa ambazo sisi hatukuwa nazo za madini. Ndiye aliyenikubalia nimwoe dada yake. Aliniambia kwamba mtu anayeweza kuokota herufi moja moja kutwa nzima bila kutukana hawezi kumpiga mke.

Patasi hakujua kusoma. Alichonga herufi kwa kuzinakili, kinyumenyume kama kazi inavyodai, na hakukosea hata mkia wa herufi moja, lakini zilikuwa kwake maumbo tu. Mara nyingi nilijitolea kumfundisha, naye alinijibu kwamba akizijua zitaanza kumsemesha, wakati yeye ana kazi. Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, kwenye shule ya jioni, nikiwa nimetoka kazini na wino bado uko kwenye kucha. Nilisoma miaka saba na nilikosa siku mbili tu, moja ya harusi yangu na moja ya homa. Mwaka wa mwisho mwalimu wetu alitufundisha namna ya kuelewa sanaa. Alituletea kitabu kikubwa cha picha, akatuonyesha kwamba msanii wa kisasa hafungwi na kile ambacho jicho linaona, na kwamba picha ina lugha yake, nasi tunaweza kuisoma kama tunavyosoma gazeti. Somo lile lilinipanda kichwani. Nikawa nikieleza hata kibandiko cha sabuni. Ndiyo maana pale kiwandani waliniita Profesa, na jina hilo walilitoa kwa kejeli, nami nikalipokea bila kejeli.

Tajiri alitaka kalenda ya kuwapa wateja, akamwambia Patasi achonge kitu chochote cha kupendeza. Akachonga kijiji chao. Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, alikuwa angali anaishi kule juu, na kutoka dirisha la nyuma la kiwanda ungeweza kuona paa za kijiji kama umesimama juu ya sanduku. Patasi hakusimama juu ya sanduku. Alichonga kutoka kichwani. Nyumba alizifanya maboksi yaliyobebana, bila kujali ipi iko mbele na ipi iko nyuma. Njia ya kupandia aliifanya radi nyeupe. Mbingu akaiacha nyeusi, kisha akaichanachana kwa patasi mpaka ikaonekana kama inanyesha sindano.

Nieleze jambo moja la kazi hii, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwenye kibao cha kuchongwa, unachokikata hakipati wino, kinatoka cheupe. Unachokiacha ndicho kinachotoka cheusi. Patasi alikuwa amemaliza nyumba kumi na alitaka kilele cha kilima kibaki cheupe, kitupu. Lakini alipofika pale karibu na mwamba chuma kiligonga kifundo, pale ambapo zamani tawi lilitokea kwenye mti. Kifundo ni kigumu kuliko mbao inayokizunguka, nacho hakikatiki, kinamenyuka na kung'oa na jirani zake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alikipapasa kwa kidole gumba, akafikiri kidogo, halafu akakiacha. Akakichonga pembeni kikawa mraba, akakiwekea paa na mlango. Akacheka peke yake, akaniambia mama amepata jirani mpya.

Kalenda ilipendwa. Ilitundikwa madukani, kwa vinyozi, na nyumbani kwetu juu ya meza ya kulia. Kibao chenyewe kilirandwa uso mpaka picha ikaisha, mwezi uliofuata, kama vibao vyote, kikachongwa nembo ya shule.

Mwaka huohuo watu wenye silaha walikuwa wameingia msitu ulio nyuma ya kilima. Sitasema walikuwa wa nani wala walitaka nini. Siku moja walilishambulia lori la jeshi kwenye barabara ya chini ya kijiji, wakaua askari wanne. Mmoja wa washambuliaji aliuawa pale pale, na mfukoni mwake ikakutwa kalenda yetu, ukurasa wa picha, umekunjwa mara nne. Pengine alikuwa mtoto wa kule juu na aliibeba kwa kupakumbuka kwao. Sijui. Jeshi lilifikiri vingine.

Walikuja siku ya tatu baada ya shambulio, saa mbili asubuhi, tukiwa ndio kwanza tunafungua makopo ya wino. Askari sita na kapteni. Kapteni alikuwa mtu nadhifu, mwenye miwani, na alibisha hodi. Akakunjua ukurasa ule juu ya meza yetu ya jiwe, tunayopangia kurasa, akaunyoosha kwa kiganja na kuuliza ni kazi ya nani. Tajiri alikohoa, kisha akamwonyesha Patasi kwa kidevu.

"Hii ni nini?" kapteni akauliza.

"Kijiji chetu, afande."

"Ramani?"

"Picha."

"Picha ya kazi gani?"

"Ya kutundika ukutani," Patasi akasema, na kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, akaongeza, "Ukiwa na msumari."

Askari aliyekuwa kulia kwake alimpiga kwa kitako cha bunduki chini ya sikio. Nimefanya kazi na mbao na watu wa mbao, na ninaijua sauti ya ubao unaopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Ilikuwa sauti hiyo. Patasi alianguka juu ya sanduku langu la herufi, na alipoinuliwa taya lilikuwa limehama upande. Meno mawili yalibaki kwenye sanduku, kwenye kijumba cha herufi a, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Kapteni alimrudia swali lake kwa upole. Patasi alifungua mdomo, damu ikatoka pamoja na sauti isiyokuwa na neno. Askari yule akageuza bunduki tayari kumpiga tena.

Hapo Kifaru, kopo la wino bado liko mkononi, akasema, "Afande, muulize Profesa. Yeye ndiye anayejua mambo ya picha."

Kapteni akageuka kututazama. Akauliza Profesa ni nani.

Hakuna aliyenitazama. Kifaru mwenyewe alikuwa ameinamisha macho, nadhani alijuta hata kabla neno halijafika. Ningeweza kusema ni utani wetu tu wa kazini. Nimeshayapima mengi ya siku ile, na hilo ndilo ninalolipima zaidi. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikasogea mbele, nikasema, "Ni mimi."

Aliamuru niletewe kiti. Nikakataa, nikaeleza nikiwa nimesimama, kama tulivyofundishwa. Nilimwambia kwamba picha hii haikuchongwa kwa kupima. Katika sanaa ya kisasa, nilisema, msanii anayapanga maumbo ili jicho lipande na kushuka, na ukubwa wa nyumba hauonyeshi ukubwa wake bali uzito wake katika picha. Nilimwonyesha kwamba njia nyeupe inakunjwa mara tano wakati njia yenyewe inakunjwa mara mbili. Nilimwonyesha kwamba mbingu haikuwa mvua wala risasi, ni alama za chuma tu, ambazo wasanii wengine huzifuta na wengine huziacha kwa makusudi. Kapteni alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa makini. Aliniuliza nilisoma wapi, nikamwambia. Akasema inapendeza. Akawaambia askari wake wasikilize, kwamba hapa kuna mtu anayetumia akili. Patasi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa meza, ameshika taya kwa mikono miwili kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, na macho yake yalikuwa kwangu. Niliona yana matumaini. Nilikuwa nikisema ili kumwokoa, na hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba sauti yangu ilikuwa imetulia na ilinipendeza mwenyewe.

Nilipomaliza, kapteni aliweka kalamu juu ya nyumba ya kwanza, akaanza kuhesabu. Alihesabu taratibu, kwa sauti.

"Jana nilipanda kule," akasema. "Nyumba ni kumi. Nimeingia zote. Humu ziko kumi na moja. Mbingu ameongeza, sawa, ni msanii. Ameongeza na nyumba?"

Nikamweleza habari ya kifundo. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, cheusi na cheupe, chuma na nyuzi, na jinsi alivyokiacha na kukiwekea mlango. Nilipokuwa nasema nilisikia mwenyewe kwamba inafanana na uongo. Mambo mengi ya kazi yetu, ukiyasema mbele ya mtu asiyeyajua, yanafanana na uongo.

"Niletee hicho kibao," kapteni akasema. "Nikione kifundo."

Tajiri akamjibu kwamba kibao kilirandwa. Kapteni akauliza kurandwa ni nini, akaelezwa.

"Kwa hiyo ushahidi wako," akaniambia, "ni maranda."

Walimwinua Patasi, wakailaza mikono yake juu ya meza ya jiwe. Tulikuwa na nyundo ya mbao ya kugongea kurasa ili herufi zikae sawa, nzito, kichwa chake kama mkate. Askari mmoja aliichukua. Mwingine alimshika Patasi shingo. Kapteni hakumuuliza Patasi neno, kwa kuwa Patasi hakuweza kusema. Aliniuliza mimi.

"Nyumba ya kumi na moja ni ya nani?"

"Ni kifundo, afande."

Nyundo ikashuka kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia.

"Iko wapi?"

"Haipo. Naapa haipo."

Ikashuka kwenye kinachofuata. Patasi alipiga kelele puani, kwa sababu mdomo haukumtii. Kifaru alikuwa amegeukia mashine yake, ameikumbatia. Nikasema tena kifundo, na tena, nikajaribu kwa maneno mengine, nikasema jicho la mti, nikasema kasoro, na kwa kila neno nyundo ikashuka. Walimaliza mkono wa kulia. Vidole havikuwa tena vidole. Wakahamia wa kushoto, na wakavunja viwili vya kwanza bila hata kuniuliza.

Nikatafuta kichwani mwangu mahali ambapo kapteni angeweza kwenda na asimkute mtu.

Nyuma ya mwamba, upande usioonekana kutoka barabarani, kulikuwa na ghala la zamani la udongo. Lilijengwa kuhifadhia mbegu, likaachwa miaka mingi, paa lake la nyasi limezama katikati. Nililijua kwa sababu ndiko nilikokuwa nikikutana na mke wangu kabla sijapeleka posa. Sikuwahi kumkuta mtu mle zaidi ya yeye na panya. Nikasema, "Ni ghala. Liko nyuma ya mwamba. Nyumba ya kumi na moja ni ghala."

Patasi akalia. Hakikuwa kilio kama vile vya nyundo. Alijitupa mbele juu ya meza, akatikisa kichwa na lile taya likining'inia, akanguruma kwa koo, macho yamemtoka, na askari wawili walishindwa kumshika. Mimi nilidhani ni maumivu. Kapteni alimtazama kwa muda, akanitazama mimi, halafu akaikunja kalenda mara nne kwa mikunjo yake ileile.

"Sasa tumeelewana," akasema.

Walituacha kwenye chumba cha karatasi, mimi na Patasi, na askari mmoja mlangoni. Nilimfunga taya kwa aproni yangu. Mikono sikuweza kuifunga, nikaiweka juu ya rundo la karatasi safi, ikalowa mpaka chini. Alikuwa akijaribu kuniambia kitu. Kila alipojaribu nilimwambia anyamaze, asijitese, nimemaliza kila kitu. Yapata saa tano tulisikia milio kutoka juu, mingi, kisha kimya, kisha michache, mmoja mmoja. Baadaye moshi ukaonekana kwenye kipande cha dirisha. Nikaelewa kuwa wameshambulia ghala tupu na kulichoma kwa hasira, au kwa tahadhari. Nikamwinamia nikamwambia, "Ni ghala tu linaungua, shemeji. Tumepona."

Akaanza kupiga kichwa ukutani. Hakupiga kama mtu aliyechanganyikiwa. Alipiga kwa hesabu, akijivuta nyuma kila mara apate nafasi. Ilibidi nimlalie.

Kapteni alirudi saa saba, suruali ina majivu hadi magotini. Akaamuru Patasi apelekwe hospitali kwa gari la jeshi, na mimi akanipa mkono. "Umesaidia, Profesa," akasema. "Walikuwamo tisa."

Kijijini walikuwa wameshajua kwamba baada ya lori lile jeshi litapanda na kuingia nyumba hadi nyumba. Patasi alikuwa amekwenda kumwona mama yake siku moja baada ya shambulio, akamwagiza: mkisikia magari, msibaki majumbani, chukua majirani na watoto mwende ghalani, hakuna anayelijua. Jeshi lilipopanda mara ya kwanza walijificha huko, likakuta nyumba kumi hazina watu, likaondoka. Kwa hiyo asubuhi ile waliposikia magari tena walirudi palepale palipowaokoa. Haya alituambia mwanamke mmoja aliyechelewa kwa sababu ya mbuzi wake, akajificha kwenye majani na kuona yote. Askari walipita nyumba za watu bila kuzitazama, alisema, wakazunguka mwamba moja kwa moja. Walifunga mlango wa ghala kwa waya kutoka nje. Walipiga risasi kwenye kuta, na kuta ni za udongo, zinapitisha. Kisha wakawasha paa.

Niliwatoa mimi pamoja na wanaume wengine watatu. Wanne kati yao walikuwa watoto. Mama mkwe wangu nilimtambua kwa mguu, maana mmoja ulikuwa mfupi kidogo, na kwa namna alivyolala, amewafunika wawili wa wale wadogo, ambao hilo halikuwasaidia. Ulipomshika aliacha ngozi mkononi mwako. Niliosha mikono kijitoni, nikaosha tena.

Kwenye mazishi mke wangu hakulia. Alisimama kando ya kaburi la mama yake, akawaambia watu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ghala lile halionekani kutoka barabarani, na halimo kwenye karatasi yoyote ya serikali, kwa hiyo kuna mtu aliyesema. Akaomba, kama mtu huyo yuko pale, ajitaje mwenyewe, kuliko kusubiri atajwe. Nilikuwa nimeshika koleo. Niliendelea kujaza udongo.

Hospitali walimfunga Patasi taya kwa waya, la juu na la chini pamoja, na mikono yote miwili wakaitia plasta hadi viwiko. Daktari alisema wiki sita. Nisiwafiche, nilizihesabu. Hakuweza kusema, na hakuweza kushika kalamu, na hata angeweza kuishika hakujua kuandika. Mtu pekee aliyejua nilichosema alikuwa ndani ya yule mtu aliyefungwa waya. Kifaru alikuwa amekimbia mji, na tajiri alikufa kwa kikohozi chake mwezi uleule. Mke wangu alikwenda kila siku kumnywesha kaka yake maziwa na mchuzi kwa mrija, nami nilikwenda naye kila siku. Niliwafukuza nzi. Nilimsomea magazeti. Alikuwa amegeukia ukuta tangu siku ya kwanza, na mke wangu alisema ni uchungu wa mama, tumpe muda.

Waya ulikatwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Daktari alipoondoka, mke wangu alikaa kitandani, akamshika kaka yake mashavu, akamwambia ajaribu kidogo kidogo, asilazimishe. Patasi alisogeza taya mara kadhaa, likatoa sauti ya bawaba. Akageuka kutoka ukutani. Alinitazama muda mrefu, na mimi nilikwishaandaa majibu yangu yote: kwamba nilitaka kumwokoa, kwamba sikujua, kwamba yeye mwenyewe alikuwa na vidole vitatu tu vilivyobaki.

"Ungesema ni yako," akasema.

Alisema taratibu, kwa sauti ya mzee. Wiki sita nilizojiandaa, na miaka saba ya shule, na hilo halikuwa limenipitia kichwani hata mara moja: kwamba nyumba ile haikuwa na mwenyewe, na mtu yeyote angeweza kusema ni yake.

"Nini ni yake?" mke wangu akauliza. "Kaka, nini ni yake?"

Patasi alirudi ukutani. Aliniachia mimi nijibu.

Nilimwambia nyumbani. Alikuwa amekaa upande ule wa meza, kazi yake ya kushona iko mbele yake, vipande vya sare za shule na mkasi mkubwa wa kukatia. Nilimweleza tangu kapteni alipobisha hodi. Sikuruka kitu, na nilipofika kwenye kiti nilichoambiwa nikae nikakataa, nilimweleza na hicho. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaitoa kalenda kwenye msumari wake, akaiweka mezani juu ya vile vitambaa.

"Ipi?" akasema.

Niliweka kidole.

"Hii ndiyo uliyosema ni ghala."

"Ndiyo."

"Na ulijua si kitu."

"Nilijua ni kifundo cha mti."

"Mbona hukuitaja nyumba yetu? Ungesema ni hii tuliyomo."

"Sikufikiri," nikasema. Lilikuwa neno la kweli, na ndilo neno ambalo sijawahi kulisema kabla ya siku ile wala baada yake.

Alichukua mkasi ukiwa umefungwa, akaushika kwa mikono miwili, akaushusha kwenye mgongo wa mkono wangu. Ulipita kati ya mifupa, ukapita karatasi na vitambaa, ukaingia kwenye ubao wa meza. Sikuuvuta mkono. Nilisikia joto kwanza, na maumivu yakaja baadaye. Damu ilitandaa juu ya kilima, ikafuata njia nyeupe kwa sababu pale karatasi haikuwa na wino wa kuizuia. Yeye alikuwa amesimama, ameegemea mkasi kwa uzito wake wote, na alikuwa akinitazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Halafu akauchomoa. Ilimbidi akanyage mguu wa meza ili utoke. Alileta maji ya chumvi na kitambaa safi, akaniosha, akanifunga vizuri sana, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, kama wauguzi walivyomfundisha kwa kaka yake. Vidole viwili havikukunjika tena, na sikuwahi kurudi kwenye herufi. Alipomaliza kufunga aliniambia niuinue mkono juu ili damu isitoke. Nikakaa hivyo, mkono juu, wakati yeye anakusanya nguo zake, cherehani yake na sahani tatu za mama yake, anavitoa nje kimoja kimoja.